Mwenzako Akipakwa Matope Jukwaani, Wewe Utasimama Wapi?



Mliozoea kunisoma hapa mnanijua kwa mambo ya vitambaa, mishono na maandalizi ya harusi. Leo naomba niweke mkasi pembeni. Nataka tuzungumze juu ya watu wanaotetea haki za wenzao, na yale yanayowapata pale mtu mwenye cheo anaposimama mbele za watu na kuwachafulia jina. Najua wapo watakaosema hizo ni siasa, sisi wanawake wa majumbani na biashara zetu ndogo ndogo hazituhusu. Nawaomba mnisome mpaka mwisho, kisha muamue wenyewe.

Kwanza tuelewane mtetezi wa haki za binadamu ni nani. Wengi tukilisikia neno hilo tunamuona wakili mwenye suti na mkoba, anapanda ndege kwenda Ulaya. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la watetezi wa haki za binadamu, tarehe 9 Desemba 1998, haukuweka sharti la suti. Azimio linasema kila mtu, awe peke yake au na wenzake, anayo haki ya kutetea haki kwa njia ya amani. Kwa hiyo yule msaidizi wa sheria wa shehia yako, anayekuandikia barua ya kudai matunzo ya watoto bila kukutoza hata shilingi, ni mtetezi. Mwalimu anayesimama na mtoto aliyedhalilishwa mpaka kesi yake isikilizwe ni mtetezi. Mvuvi anayeuliza kwa nini wenzake wameondolewa dagoni bila fidia, naye ni mtetezi.

Sasa mtu kama huyo akianza kuuliza maswali yanayomgusa mkubwa, mara nyingi hajibiwi alichouliza. Anaambiwa yeye ni nani. "Anatumiwa na watu wa nje." "Analipwa na wazungu." "Anataka kuvuruga amani." Akiwa mwanamke huongezewa na yake: "Anavunja ndoa za watu," "hana mume wa kumtuliza," "anawafundisha wake zetu ujeuri." Yatazameni vizuri maneno hayo, dada zangu. Hakuna hata moja linalojibu swali. Mtu akisema kiwanja hiki ni cha mayatima, jibu lake ni hati. Ukiona badala ya hati imeletwa sifa mbaya ya aliyeuliza, jua hati ina matatizo.

Haya nimeyaona dukani kwangu. Mteja wangu mmoja, mama wa makamo, ni msaidizi wa sheria. Sitaji jina lake wala shehia yake. Ameniruhusu niandike kwa sharti hilo. Aliwasaidia wanawake sita wa ukoo mmoja ambao shamba la babu yao, karibu na pwani, liliuzwa na ndugu zao wa kiume bila wao kujua. Aliwakusanyia vyeti vya vifo, akawaandikia maombi ya kuona karatasi za mauzo, akawapeleka kwa wakili. Hakumtukana mtu. Basi katika mkutano wa hadhara, mkubwa mmoja akashika maikrofoni akasema kuna mwanamke anatumiwa na watu wa nje kuzuia maendeleo, na wanawake wanaomfuata mwisho wao ni kukaa bila waume. Hakumtaja jina. Hakuwa na haja. Kila mtu alijua.

Wakati ule binti wa mama huyu alikuwa ameshaposwa, na nguo yake ya nikahi nilikuwa naishona mimi. Shangazi wa bwana harusi naye alikuwa ameniletea kitambaa cha sare za wanawake kumi na wanne wa upande wao. Siku ya tatu baada ya mkutano, shangazi akaja dukani, hata kiti hakutaka.

"Mwanangu, hebu usikate kwanza."

"Kuna nini, shangazi?"

"Mama mtu anasemwa. Wanasema analipwa."

"Anasema nani?"

"Mkubwa kasema, kwenye mkutano."

"Kasema analipwa na nani, shilingi ngapi, kwa kazi gani?"

"Hakusema."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Lakini mwanangu, lisemwalo lipo."

Nikamuuliza, "Shangazi, ile barua ya kiinua mgongo cha marehemu bwana, alikuandikia nani?" Akanyamaza. Alikuwa ameandikiwa na mama huyo huyo, na hakutozwa kitu. Alisimama pale mlangoni kitambo, mwisho akasema, "Basi kata, lakini usishone." Nikakata. Wiki ya pili akamtuma mtoto wa kaka yake: fundi ashone.

Harusi ilifanyika, alhamdulillah, ingawa viti vingi vilikuwa vitupu. Wateja wawili walihamisha oda zao kwangu na hawakurudi tena. Riziki anatoa Mwenyezi Mungu, sikuwafuata. Lakini kuna jambo nililiona katika siku zile ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Baada ya maneno ya jukwaani, watu walipungua barazani kwa yule mama. Wanawake waliokuwa wakija na karatasi zao jioni wakawa wanapita upande wa pili wa njia. Watu walipokwisha kupungua, ndipo simu za usiku zilipoanza, namba zisizoonekana, mtu anapumua tu halafu anakata. Kisha akapigiwa akaambiwa afike ofisini jioni, peke yake, bila barua ya wito.

Mnauona mpangilio wake? Kashfa ilitangulia ili kumtenga na watu, na vitisho vikaja alipokwisha kutengwa. Mtu aliyezungukwa na majirani ni vigumu kumtisha. Mtu aliyekimbiwa, simu moja tu ya usiku inatosha. Kwa hiyo anayemchafulia jina mtetezi hawezi kuimaliza kazi peke yake. Yeye anasema mara moja, kazi iliyobaki anatuachia sisi: wa kwenye harusi, wa kwenye maulidi, wa kwenye makundi ya simu. Tukikataa kuibeba, kazi yake inakwama.

Mimi huenda Mombasa mara mbili tatu kwa mwaka kununua leso Mtaa wa Biashara, na wenzetu wa kule wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walishambulia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Kenya nzima ilikuwa katika msiba. Siku chache baadaye serikali ya Kenya ikatoa orodha ya watu na taasisi 86 walioshukiwa kuhusika na ugaidi. Ndani yake yakawemo mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na HAKI Africa. Haya ni mashirika yaliyokuwa yakiandika habari za vijana wa Pwani waliouawa au kupotezwa katika operesheni za kupambana na ugaidi, na kuwasaidia mama zao kwenda mahakamani. Walioyaendesha wengi ni Waislamu, jirani zetu wanaosali nasi safu moja.

Akaunti zao za benki zikafungwa. Maofisa wa kodi wakaingia ofisini wakaondoka na kompyuta na nyaraka. Hebu fikirini, dada zangu, jina la mumeo au la kaka yako liko kwenye orodha moja na wauaji wa Garissa, wiki ambayo nchi nzima inalia. Nani atakupangisha nyumba? Nani atakuja kumposa binti yako? Walikwenda mahakamani. Juni 2015 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema hakuna ushahidi unaoyahusisha mashirika hayo na ugaidi. Akaunti zenyewe mahakama iliamuru zifunguliwe Novemba mwaka huo. Toka Aprili mpaka Novemba ni miezi saba ya kuishi na jina la gaidi. Hawakuacha kazi, kwani mwisho wa 2016 HAKI Africa ilitoa ripoti yenye visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kupotea tangu 2012.

Lamu nako hivyo hivyo. Wananchi wa kisiwa kile, chini ya umoja wao wa Save Lamu, walipinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kwa kuhofia bahari yao, samaki wao na afya za watoto wao. Ripoti iliyotolewa Desemba 2018 na Human Rights Watch pamoja na umoja wa watetezi wa Kenya ilieleza jinsi wanaharakati wa eneo lile walivyotishwa na kukamatwa, wengine wakihusishwa na Al-Shabaab bila ya ushahidi kuletwa. Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira likafuta leseni ya mtambo ule, likasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Yaani walichokuwa wakikisema tangu mwanzo kilikuwa na msingi.

Na sisi Tanzania tusijione tuko mbali. Agosti 2020 akaunti za Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania zilifungwa, shughuli zikasimama, mpaka zilipokuja kufunguliwa mwaka 2021. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Turudi kwenye dini yetu, maana hapa ndipo ninapoona tuna hazina ambayo hatuitumii. Nyote mnakijua kisa cha uzushi aliozuliwa Mama wa Waumini, Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie. Alirudi kutafuta mkufu wake uliopotea safarini, msafara ukaondoka ukidhani yumo ndani ya hema la ngamia, akaja Safwan akamkuta na kumrejesha Madina, yeye akitembea na Bibi Aisha akiwa juu ya ngamia. Basi ikawa ndiyo sababu. Aliyelikuza neno alikuwa Abdullah bin Ubayy, mtu mwenye cheo na wafuasi. Lakini waliolizungusha mji mzima, karibu mwezi mmoja, wengine walikuwa watu wema wa kawaida. Mpaka zikashuka aya za Surat An-Nur kumtakasa, na kuwalaumu Waumini ambao walipolisikia hawakuwadhania wenzao kheri, wala hawakudai mashahidi wanne.

Katika kisa hiki nawapenda sana wanawake wawili. Wa kwanza ni Ummu Ayyub. Imepokewa kuwa yeye na mumewe, Abu Ayyub, waliyazungumza maneno yale nyumbani mwao, mume akamuuliza kama yeye angeweza kufanya jambo kama lile. Akasema wallahi hapana. Mume akamwambia basi Aisha ni bora kuliko wewe. Yakaishia hapo, ndani ya chumba cha mke na mume. Mabiharusi, hili lichukueni muingie nalo ndani ya ndoa. Nyumba nyingi zinajua kula pamoja na kulala pamoja, lakini hazijui kulizuia neno lisitoke pamoja.

Wa pili ni Bibi Zaynab bint Jahsh. Yeye alikuwa mke mwenzake Bibi Aisha, na Bibi Aisha mwenyewe alisema huyu ndiye aliyekuwa akishindana naye kwa heshima mbele ya Mtume (S.A.W). Dada yake Zaynab, Hamna, aliingia kwenye maneno yale kwa niaba ya dada yake. Lakini Zaynab alipoulizwa, akasema analinda masikio yake na macho yake, na hajui kwa Aisha ila kheri. Nyumba moja, ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akabeba na mmoja akakataa. Kwa hiyo tusiseme "sote tulisikia tukasema." Kukataa kunawezekana, hata kwa mtu ambaye angefaidika na kashfa ile.

Na Surat Al-Hujurat inatufundisha kupeleleza habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Haikuvua sharti hilo kwa sababu msemaji ana gari la serikali. Naona sisi tumelifanya lile neno la "lisemwalo lipo" kuwa kama aya, na aya yenyewe tumeiweka kando.

Tusielewane vibaya. Sisemi kila anayejiita mtetezi ni malaika. Wapo wanaokosea, na wapo wanaokula fedha za watu. Mtu akiwa na tuhuma, ipelekwe inakotakiwa, iwe na jina la mlalamikaji, tarehe na ushahidi, na mtuhumiwa apewe nafasi ya kujibu. Ninachokipinga ni hukumu ya maikrofoni, ambayo mshitakiwa hana zamu ya kusema.

Serikali nazo zina wajibu wao. Azimio lile la 1998 linazitaka zimlinde mtetezi dhidi ya vitisho na kulipiziwa kisasi. Kolombia, mwaka 1999, rais alitoa agizo kuwakataza watumishi wa umma kutoa kauli za kuwatilia shaka watetezi na mashirika yao. Kodivaa ikawa nchi ya kwanza Afrika kuwa na sheria maalumu ya kuwalinda watetezi, mwaka 2014. Na hapa Zanzibar, tangu 2018 tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua wasaidizi wa sheria. Kwa hiyo yule mama anafanya kazi inayojulikana na sheria. Si mzururaji wala mchochezi.

Sasa sisi tufanye nini? Nasema yale niliyoyaona yakifanya kazi.

Neno likikufikia, uliza maswali ya dukani kwangu: nani kasema, wewe ulikuwepo, ushahidi uko wapi? Ukikosa jibu, lifie kwako. Sauti ikirushwa kwenye kundi la simu, usiipeleke mbele hata kwa kusema "jamani ni kweli haya?" Huko nako ni kuieneza. Mtume (S.A.W) alitutahadharisha kuwa mtu anayesimulia kila anachokisikia, uongo huo unamtosha.

Usimkimbie. Pita barazani kwake umsalimie, tena mchana, watu wakiona. Mualike kwenye shughuli yako, na umkalishe pale alipokuwa akikaa siku zote. Watoto wake wakichokozwa chuoni au skuli, zungumza na mwalimu. Haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayomwambia anayetisha kuwa mtu huyu hayuko peke yake.

Kama wewe mwenyewe ndiye unayesemwa, andika. Tarehe, saa, mahali, nani alisema, nani alisikia. Ujumbe wa matusi usiufute, upige picha na umpe mtu unayemuamini akuhifadhie. Ukiitwa ofisini, omba barua ya wito na sababu yake. Usiende usiku, usiende peke yako, na mwambie mtu umekwenda wapi na unatarajia kurudi saa ngapi. Yule mama alipoitwa jioni, alikwenda asubuhi yake, na wakili, na kaka yake, na wawili katika wale wanawake sita. Aliulizwa anatumwa na nani. Akajibu, "Na hawa hapa." Wakaachwa warudi nyumbani. Kesi ya shamba bado iko mahakamani mpaka leo, na karatasi za mauzo zimeshaletwa mbele ya hakimu.

Na mabiharusi, posa inapokuja, kuulizia tabia ya mtu na ya watu wake ni haki yenu, dini imeruhusu. Lakini waulizeni jirani zake, waliokopeshana naye, waliosafiri naye, wale anaowahudumia. Msichukue sifa ya mtu jukwaani. Pia kaeni na wachumba wenu mzungumze mapema: siku mama yangu, au dada yako, au mimi mwenyewe nikisemwa kwa kumtetea mnyonge, utakuwa upande gani? Jibu la swali hilo litakufaa miaka mingi baada ya dhahabu kuuzwa na nguo ya harusi kubana.

Mtume (S.A.W) ametupa bishara kuwa anayeilinda heshima ya ndugu yake, Mwenyezi Mungu atauepusha uso wake na Moto siku ya Kiyama. Hiyo ni ibada isiyohitaji fedha wala cheo, na kila siku tunapewa nafasi yake, kwenye daladala, saluni, na sisi mafundi juu ya cherehani.

Ewe Mola wetu, zilinde ndimi zetu na dhuluma, walinde wanaowasemea wasio na sauti, na utufanye majirani wa kutegemewa siku ya mtihani. Amin.

Wabillahi tawfiq.